Kazi ya Injinia na Kazi Yetu: Namna ya Kujenga Vitu vya Kudumu Katika Mitaa ya Eastlands

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi mbele ya wanachama wa kazi za ujenzi, maji na barabara. Yachapishwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini na hawakuweza kuhudhuria.)



Mafundi na vibarua, wanaume na wanawake, mmetoka Kayole, Dandora, Huruma, Makadara, Mukuru na kwingineko baada ya kazi ya siku nzima. Twajua miguu imechoka, kwa hiyo tutasema yaliyo ya lazima na kila mtu apate gari la kurudi nyumbani.

Kamati imeulizwa mara nyingi neno moja: huyu injinia wa ujenzi ana faida gani kwetu sisi wafanya kazi? Wengine wasema ni mtu wa kofia nyeupe ambaye hufika kwa gari, hutazama, huandika katika karatasi, kisha huenda zake, na mshahara wake ni wa vibarua kumi. Wengine wasema ni mtu wa tajiri, na hana habari na sisi. Leo twataka kueleza kazi yake ni nini, inaishia wapi, na kazi yetu inaanzia wapi. Maana katika mitaa hii tumezika watu wengi kwa sababu ya pengo lililo kati ya kazi hizo mbili.

INJINIA HUFANYA NINI

Fundi mzuri anajua kujenga ukuta ukasimama wima. Ana timazi na pima maji, na jicho lake limezoea. Lakini yako mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona, na hayo ndiyo kazi ya injinia.

La kwanza ni udongo. Kila aliyechimba msingi Nairobi anajua kwamba upande wa magharibi wa mji udongo ni mwekundu, na upande wetu wa mashariki, toka Embakasi na Donholm mpaka Umoja na mbele yake, sehemu kubwa ni udongo mweusi unaonata. Udongo huu una tabia mbaya. Mvua ikinyesha hunywa maji na kuvimba. Kiangazi kikija hukauka, hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Nyumba iliyowekwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka kama mtu aliyelala juu ya kifua cha mwingine. Baada ya miaka michache ukuta hupasuka, mlango haufungiki, bomba la chini hukatika. Injinia ndiye anayepaswa kuchimba mashimo ya kupima na kusema: hapa mtachimba mpaka mfike kwenye maramu au mwamba, na udongo mweusi wote utolewe. Tajiri asiyetaka gharama hiyo husema futi tatu zatosha. Kutosha huko huonekana mvua ya tatu au ya nne.

La pili ni uzito. Injinia hupiga hesabu ya uzito wa nyumba yenyewe, wa watu, vitanda, matangi ya maji juu ya paa, na nguvu ya upepo, kisha huamua unene wa nguzo, idadi ya vyuma ndani yake, na umbali wa ringi moja na nyingine. Nguzo iliyopigiwa hesabu ya gorofa mbili haiwezi kubeba saba kwa sababu mwenye nyumba amepata fedha zaidi. Nguzo haijui habari za fedha.

La tatu ni maji. Maji safi yaje, maji machafu yaende, na maji ya mvua yapite bila kuingia nyumbani mwa mtu. Bomba la maji machafu hulazwa kwa mteremko uliopimwa. Likilazwa bapa, uchafu hukaa chini na bomba huziba. Likiwa jembamba kuliko watu wanaolitumia, kila kitu hurudi juu kwenye mashimo ya njiani, na watoto hucheza humo.

Kwa ufupi, injinia ni mtu anayelipwa ili afikirie mambo yatakayotokea miaka 50 baadaye, wakati sisi sote twafikiria Jumamosi ya mshahara.

MITAA YA ZAMANI YATUFUNDISHA NINI

Tazameni mitaa iliyojengwa kabla ya Uhuru: Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Maringo, Jericho. Hatusemi kwamba siku hizo zilikuwa njema. Vyumba vingi vilikuwa vya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa kuwa serikali ya wakoloni ilimtaka Mwafrika mjini kama mkono wa kazi tu, kisha arudi kwao. Mtu alitembea na kipande. Katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Baada ya majuma machache alikamatwa, akakaa kifungoni na uhamishoni miaka 11. Hatuwezi kuisahau historia hiyo tukasifu mawe peke yake.

Lakini mawe nayo yana neno lake. Nyumba za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940, na kuta zake za mawe zimeona miaka zaidi ya 70. Zilipangwa zikiwa na nafasi kati yake, na mtaa ukapewa ukumbi, shule na uwanja. Palikuwa na watu wa Halmashauri waliozunguka kila wiki kufagia mifereji, kuzibua mabomba na kupaka rangi. Marehemu Tom Mboya mwenyewe, kabla jina lake halijajulikana ulimwenguni, alikuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliingia nyumba kwa nyumba akitazama choo na mfereji, na kutoka katika kazi hiyo akawaunganisha watumishi wa Halmashauri katika chama cha wafanya kazi. Ukaguzi na chama vilizaliwa pamoja katika mji huu, Ndugu.

Baadaye watu wakaongezeka na watunzaji wakapungua. Katika hesabu ya mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Bomba, hata liwe zuri namna gani, lina kipimo chake. Na kitu chochote kisichotunzwa hufa, kama ng'ombe asiyelishwa.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: kazi ya kudumu ina sehemu tatu, yaani hesabu ya injinia, mkono wa fundi, na utunzaji wa kila siku. Sehemu moja ikikosekana, mbili zilizobaki haziwezi kuziba nafasi yake.

MABOMBA YA DANDORA NA UMOJA

Mfano wa utunzaji na kipimo uko Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikopesha fedha za mpango wa viwanja 6,000. Wenye viwanja walipewa barabara, maji, bomba la maji machafu, choo na bafu, kisha kila mmoja akajenga vyumba kadiri ya uwezo wake. Mpango ulikuwa wa nyumba za chini. Umoja nayo ilianza katika miaka hiyo ya 1970 kama mtaa wa nyumba ndogo za wafanya kazi.

Leo tembeeni huko mkahesabu gorofa. Pale palipokuwa na jamaa moja au mbili pamesimama jengo la watu mia, na bomba lililo chini ya ardhi mara nyingi ni lile lile au limeongezwa kidogo tu. Ndiyo sababu maji machafu hububujika njiani, na wanachama wetu wa kazi ya maji huitwa kuzibua mahali pale pale kila juma, mara nyingi bila viatu vya mpira wala glavu. Wanalaumiwa wao, kumbe kosa ni la aliyeruhusu gorofa tano juu ya bomba la nyumba moja.

Upande wa maji safi ni vivyo hivyo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, laweza kuweka mita za ujazo milioni 70. Juu yake, mainjinia na wachimbaji wametoboa mlima katika Kaunti ya Murang'a, njia ya maji ya chini ya ardhi yenye urefu wa karibu kilomita 12, ili kuongeza maji ya mji. Hizo ni kazi kubwa za kusifiwa. Lakini maji yakifika mjini, karibu nusu yake hayalipiwi, kwa maana mengine yavuja katika mabomba mabovu na mengine yaunganishwa kwa siri usiku. Mama wa Kayole anunua mtungi mkokoteni. Mwananchi haoni bwawa. Aona mfereji wake ulio mkavu.

HURUMA MBILI

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo.

Usiku wa Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016 mvua kubwa ilinyesha Nairobi. Huruma, kando ya mto, jengo la gorofa sita likaanguka likiwa na wapangaji ndani. Watu zaidi ya 50 walikufa. Vijana wa mtaa ndio waliofika kwanza, wakachimba kwa mikono na kwa nyundo. Siku kadhaa baadaye bado watu walitolewa wakiwa hai chini ya kifusi, na mmoja wao mtoto mchanga. Jengo hilo lilikuwa limejengwa karibu na maji bila idhini, na lilikuwa limekwisha kuwekwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwa ukutani, na kodi iliendelea kupokewa kila mwezi.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Juni 2017 jengo lilianguka Kware, Embakasi. Hapo nyufa zilionekana mapema, watu wengi wakaondolewa kabla halijaanguka. Desemba 2019 jengo jingine la gorofa sita likaanguka Tassia, na watu 10 wakafa. Ndugu, kumbukeni tofauti ya Kware na Huruma. Kware mtu aliona ufa, akapiga kelele, na kelele ikasikiwa.

Watu husema maskini hawezi kujenga vizuri, na kwamba nyumba ya bei ndogo lazima iwe nyumba ya hatari. Hili ni neno la uongo, na ushahidi upo Huruma hiyo hiyo. Hapo Huruma pana kijiji kiitwacho Kambi Moto. Wakazi wake walikuwa na vibanda vya mabati. Wakajiunga, wakaweka akiba senti kwa senti pamoja na Muungano wa Wanavijiji, wakakaa chini na wachoraji na mainjinia, wakajenga kwanza mfano wa nyumba kwa mbao na vitambaa ili kila mama aone jiko litakuwa wapi. Halmashauri ikakubali kipimo cha pekee kwa mahali hapo. Kuanzia mwaka 2003 zikajengwa nyumba za mawe zenye gorofa, juu ya viwanja vya mita nne na nusu kwa mita nne na nusu. Sakafu za juu zilifinyangwa chini vipande vipande, kisha zikapandishwa, na wakazi wenyewe walibeba mawe na kuchanganya konkriti. Tumewataja watu hao kwa sababu hawakuwa na fedha kuliko mwenye jengo la kando ya mto. Walikuwa na idhini, hesabu na macho yao wenyewe juu ya kazi.

Mtaa ni mmoja, udongo ni mmoja, mvua ni moja. Kilichotofautiana ni nani aliyeulizwa kabla ya karai la kwanza kumwagwa.

MVUA NA BARABARA

Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, mvua ilileta mafuriko Kenya nzima, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mathare na Mukuru maji yaliingia usiku. Serikali ikaamuru walio karibu na mito wahame, na mabuldoza yakaja. Wengi waliohamishwa ni wafanya kazi wenzetu, waliokaa hapo kwa kuwa kodi ni ndogo na wanaweza kwenda Industrial Area kwa miguu. Kusema kweli, kando ya mto si mahali pa kulaza watoto. Lakini kumbomolea mtu nyumba bila kumwonyesha pengine pa kwenda ni kumhamisha kutoka hatari moja hadi nyingine. Kazi ya injinia wa maji ya mvua ni kujua mto utafika wapi ukifurika, na kuyasema hayo miaka 10 kabla, wakati kiwanja kinapogawanywa.

Barabara nazo zina somo. Outering, kilomita 13, ilipopanuliwa katika miaka ya 2010, magari yalianza kukimbia kabla madaraja ya waendao kwa miguu hayajakamilika. Watu walivuka mbio kwenda kazini, na wengine hawakufika. Katika mitaa yetu watu wengi huenda kwa miguu kila asubuhi. Injinia akihesabu magari tu, amehesabu watu wachache.

Lakini iko pia kazi iliyofanywa kwa kuulizana. Mwaka 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mpango wa pekee. Vyuo vikuu, mainjinia, wapimaji na wakazi walikaa pamoja, wakatembea vichochoro, wakahesabu jamaa zipatazo laki moja. Ndipo ikaonekana kwamba mabomba ya kawaida, yanayotaka barabara pana na mashimo marefu, hayawezi kupita bila kubomoa nyumba nyingi. Wakapanga mabomba membamba zaidi, yanayolazwa juu juu katika vichochoro. Toka mwaka 2020 barabara na mifereji imeanza kufika huko. Haijakwisha, lakini njia ni hiyo.

KAZI YETU SISI

Sasa twageukia upande wetu. Injinia hayupo kazini kila saa. Karatasi yake ikishafika, konkriti huchanganywa na mkono wa mwanachama wetu. Kila mmoja hapa amewahi kusikia mnyapara akisema: "Ongeza maji, iende haraka." Maji mengi hufanya konkriti iteleze vizuri, na hufanya iwe dhaifu ikikauka, kwa kuwa maji yaliyozidi yakitoka huacha vitundu ndani. Kila mmoja amewahi kusikia: "Ringi moja kwa futi moja na nusu yatosha." Ringi ndizo zinazoshika vyuma visipinde nguzo inapolemewa. Kila mmoja amewahi kusikia: "Toeni miti ya slabu, twaihitaji juu." Konkriti hupata nguvu polepole. Ndiyo maana vipande vya majaribio huvunjwa siku ya 7 na siku ya 28, na ndiyo maana slabu hunyweshwa maji kila siku katika juma la kwanza. Kuondoa miti kabla ya injinia kutoa ruhusa ni kama kumwamsha mgonjwa wa kupasuliwa ili akabebe gunia.

Mambo haya si siri za kitabu. Twayajua. Shida ni kwamba kibarua anayesema hapana leo, kesho asubuhi atakuta mtu mwingine ameshika sepeto lake. Pale getini wamesimama wengine 20, na nyumbani watoto wangoja unga. Hatutamhubiria mtu huyo awe shujaa peke yake. Mtu mmoja akikataa, amefukuzwa. Watu wote wa kazi wakikataa pamoja, hiyo ni habari nyingine, na ndiyo sababu ya kuwa na chama.

Sheria nayo iko upande wetu, kama tutaijua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa anayoiona, na mwajiri asimrudishe mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Sheria mbili za mwaka 2011 zahusu kazi yetu moja kwa moja: ile ya Mainjinia, inayomkataza mtu asiyeandikishwa kufanya kazi ya uinjinia, na ile ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, inayoandikisha makandarasi na kuwatambua mafundi. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilitumika zaidi ya miaka 50, mpaka zilipotolewa Kanuni mpya za Taifa za mwaka 2024. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ifaayo, usafi, na maji safi. Sheria hizi zimelala katika makabati. Ni kazi ya chama kuziamsha.

Tena kuna jambo jipya. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mfanya kazi wa mshahara anakatwa shilingi moja na nusu katika kila mia, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Nyumba zinazosimama kwa fedha hizo, hata katika mitaa yetu ya zamani inayobomolewa ili kujengwa upya, zimejengwa kwa jasho letu mara mbili: kwa mikono yetu, na kwa mshahara wetu. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza: udongo umepimwa? Bomba litatosha? Nani atatunza lifti na matangi baada ya miaka 10? Tusiambiwe kwamba maswali hayo ni siasa.

MAMBO TUNAYOPENDEKEZA

Kamati yaleta mbele yenu mapendekezo haya, myajadili na kuyapigia kura:

1. Katika kila kazi yenye wanachama wetu, msimamizi wa chama aulize siku ya kwanza: ni nani injinia, ameandikishwa, na kibao cha kazi kiko wapi? Akikosa jibu kwa siku tatu, alete habari katika ofisi ya tawi, na ofisi ndiyo itakayoandika barua. Jina la mwanachama lisitajwe.

2. Katika mapatano yetu na waajiri tutie kifungu kwamba nguzo na slabu hazimwagwi kabla injinia au mtu wake hajaviona vyuma na kutia sahihi, wala miti haitolewi bila ruhusa yake ya maandishi.

3. Mwanachama akifukuzwa kwa sababu ya kuripoti hatari, shauri lake liwe shauri la tawi zima.

4. Tawi lifanye darasa mara moja kila mwezi, kuwafundisha vibarua vipimo vya konkriti, kusoma mchoro, na dalili za jengo linalougua: ufa wa mshazari katika nguzo, mlango ulioanza kukwama ghafula, sakafu inayotoa sauti. Mainjinia wenye moyo wa kusaidia waalikwe kufundisha.

5. Wanachama wa kazi ya maji na mifereji wadai viatu, glavu na watu wa kutosha. Fundi wa kutunza ahesabiwe kuwa mjenzi, maana ndiye anayefanya jana isianguke.

NENO KWA MAINJINIA

Kwa kuwa gazeti hili huwafikia na watu wa ofisini, twawaambia mainjinia kwa heshima maneno machache. Shukeni garini. Mwulizeni kibarua aliyechimba shimo ameona nini chini, kwa maana ameuona udongo kabla yenu. Mwulizeni mama mpangaji maji hufika mpaka wapi mvua ikinyesha. Sahihi yenu isiuzwe kwa mchoro msiousimamia, kwa kuwa jengo likianguka, wanaokuwa chini yake ni wetu. Nanyi mkisimama imara mbele ya tajiri anayetaka kupunguza vyuma, mtatukuta nyuma yenu. Ninyi nanyi mmeajiriwa, na twajua mwajiri aweza kuwatisha kama anavyotutisha sisi.

Ndugu Wanachama, mtu wa Eastlands hulala katika kazi ya mikono ya mwanachama wetu, huvuka daraja letu, hunywa maji ya bomba letu. Mara nyingi mtu huyo ni mke wetu, mzazi wetu, au sisi wenyewe. Hatuna mtaa mwingine wa kukimbilia. Kwa hiyo msipitishe mapendekezo haya kwa kupiga makofi tu. Katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja alete katika kikaratasi jina la mahali anapofanya kazi, idadi ya gorofa, na jibu la swali moja: injinia ameonekana mara ngapi? Kutoka kwa vikaratasi hivyo tutajua pa kuanzia.

 Umoja ni nguvu.

KAMATI YA TAWI